Mshona sare wa Bariadi anayekata mbavu za boti

“Viatu mlangoni,” anasema Maximiliana Machibya bila kuinua kichwa. “Hata ungekuwa mkuu wa nani.”

Mwandishi wa makala haya anavua. Ni saa moja asubuhi, ndani ya ghala la pamba pembezoni mwa mji wa Bariadi, kwenye barabara ya kwenda Ngulyati. Pamba yenyewe haipo, kwani msimu wa kununua utafunguliwa mwezi ujao. Sakafuni vimetandikwa vipande kumi vya hadibodi vilivyopakwa rangi nyeupe, na juu yake mwanamke wa miaka 37 anatambaa kwa magoti, misumari minne ameibana midomoni kama mshonaji anavyobana pini.

Anasoma namba kwenye simu, anapima, anapigilia msumari. Anasogea, anasoma nyingine, anapigilia tena. Misumari inapofika kumi na mmoja, anachukua ufito mwembamba wenye urefu wa mita kumi na kuupinda taratibu mpaka uguse misumari yote. Halafu analala kifudifudi, shavu sakafuni, jicho moja kalifumba, anautazama ufito ule tangu mwanzo hadi mwisho.

“Umeona pale?” anauliza.

Mwandishi, kusema kweli, haoni kitu.

“Msumari wa saba. Ufito umenuna.”

Anapiga simu. Upande wa pili ni Severine, mchoraji wa boti aliyeko Mwanza, ambaye amemwoa mdogo wake. “Shemeji, mwangaluka. Hii namba ya mbavu ya saba umeitoa wapi? Mia nane thelathini na saba? Haiwezekani. Kaangalie tena.”

Severine anaangalia, kisha kicheko chake kinasikika mpaka mlangoni. “Dah! Nimenakili vibaya, shemeji. Ni mia nane thelathini na moja.”

Tofauti ni milimita sita. Maximiliana anang’oa msumari, anausogeza, na ufito unalala vizuri kama mtoto aliyeshiba.

“Kompyuta haina magoti,” anasema akijifuta vumbi. “Mimi ninayo.”

Kazi yake ndiyo hiyo. Severine huchora boti kwenye kompyuta, nayo kwenye kioo huwa haizidi kiganja cha mkono. Fundi wa ufukweni hawezi kujenga kiganja. Lazima atokee mtu wa kuikuza boti ile mpaka urefu wake halisi, aichore sakafuni, kisha akate violezo vya plaiwudi, kimoja kwa kila mbavu, ambavyo fundi atavilaza juu ya mbao zake na kufuatisha kwa penseli.

Katika mkoa mzima wa Simiyu, mwandishi hakumpata mwingine anayeifanya kazi hii. Maximiliana mwenyewe anasema hamjui.

“Kama yupo aje tusaidiane. Magoti yananiuma,” anasema.

Boti iliyoko sakafuni leo ni ya Scola Mahona, mfanyabiashara wa dagaa wa Nassa, wilayani Busega. Itakuwa na urefu wa mita kumi na mbavu kumi na moja. Kwa Maximiliana, hii si boti ya kawaida. Ile aliyoikatia violezo huko Nassa mwaka jana ilimtia aibu ambayo bado inamfuata, na hii ya sasa imepewa masharti mbele ya watu. Fundi wa kule akilazimika kuchonga mbavu hata moja kwa tezo, lile shoka dogo la kuchongea, ili mbao zikae, hatapokea tena kiolezo chochote kutoka Bariadi.

“Na mimi nimejiapiza,” anasema. “Tezo ikigusa mbavu zangu, narudi kwenye sare za shule. Sitasumbua watu tena.”

Sare ndizo zilizomlea. Alizaliwa Ngulyati katika familia ya wakulima wa pamba na wafugaji, mtoto wa nne kati ya saba. Ziwa Victoria aliliona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, alipokwenda Lamadi msibani. Mpaka leo hajui kuogelea.

“Nikiingia majini mpaka hapa,” anasema akigusa goti, “nimetosheka. Boti naikata, lakini kuipanda ni mpaka nishikwe mkono.”

Alijifunza ushonaji mjini Bariadi, akapata kibaraza karibu na soko, na kwa miaka kumi na miwili akashona sketi na kaptula za wanafunzi. Umahiri wake ulikuwa kukata. Mteja alimletea kipimo kwenye kikaratasi, naye alikikuza kwenye karatasi za mifuko ya saruji, akakata kiolezo, akakitunza ukutani kwenye msumari. Alikuwa na violezo vya shule ishirini na tatu.

Miaka mitatu iliyopita, Severine alikuja kumsalimia shemeji yake. Alikaa kibarazani akinywa soda, akamtazama anavyokuza kola kutoka kwenye mchoro mdogo.

“Akaniuliza, shemeji, unaweza kunikatia boti? Nikacheka mpaka wateja wakageuka,” anakumbuka Maximiliana. “Nikamwambia, niletee na wewe kitambaa chake.”

Severine hakuwa anatania. Wakati huo alikuwa akichapisha michoro yake kwenye printa kubwa mjini Mwanza, na kila mara kitu kiliharibika. Mara moja mashine ilipunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi, na hakuna aliyegundua mpaka mbao zilipokwishakatwa. Mara nyingine karatasi ilifika salama, ikanyeshewa mvua, ikavimba. Alihitaji mtu mwenye mkono wa kukata na subira ya kupima.

Ndipo Maximiliana akajifunza kuiamini namba kuliko karatasi. Hapokei mchoro uliochapishwa. Anapokea orodha ya vipimo kwa simu, kisha anachora mwenyewe, tena mara tatu: boti ikitazamwa ubavuni, ikitazamwa kutoka juu, na ikitazamwa kutoka mbele.

“Hao ni mashahidi watatu,” anaeleza. “Wakitofautiana, kuna mmoja anasema uongo. Mimi namtafuta mpaka nimpate.”

Mistari yote ikishakubaliana, anaondoa unene wa ubao, yaani inchi moja, kwa sababu kompyuta huchora ngozi ya nje ilhali mbavu hukaa ndani. Kisha anahamisha kila mstari kwenye plaiwudi na kukata kwa jigso, msumeno mdogo wa umeme alioununua mtumba. Seti moja ya violezo humlipa Sh350,000, na humchukua siku nane hadi kumi. Ghala analikodi kwa chama cha msingi cha wakulima, miezi ambayo halina pamba. Msimu ukifunguliwa anakusanya hadibodi zake na kurudi kibarazani.

Hapo awali majirani walimshangaa. Wengine walinong’ona kuwa mwanamke anayelala sakafuni ghalani na kusema na misumari si bure, kuna mambo. Yeye anacheka anapolikumbuka hilo.

“Waliacha waliponiona nanunua bati. Mambo gani hayo yanayoleta bati!”

Lakini anapoulizwa kuhusu boti ya mwaka jana, kicheko kinakatika.

Alikata violezo vizuri, anasema, akavipima mara mbili, akavifunga kwa kamba na kuvipakia kwenye fuso hadi Nassa, kwa fundi Ndalahwa Masunga. Huyu ni mzee wa miaka 66 ambaye ameunda boti tangu ujana, na kwenye ufukwe ule neno lake ndilo la mwisho. Baada ya mwezi mmoja Maximiliana akapigiwa simu kuwa boti imeshushwa majini na imelalia kushoto.

“Wavuvi wakaipa jina, boti ya cherehani. Watu watatu waliokuwa wameagiza violezo wakaghairi wiki hiyo hiyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.”

Alilia siku mbili. Siku ya tatu alipanda gari kwenda kuona kwa macho yake. Ilimchukua muda mfupi kuelewa, kwa kukaa tu kando ya fundi Ndalahwa na kumtazama akifanya kazi.

Mafundi wa ziwani wengi hawaanzi na mbavu. Wanalaza mkuku, ule uti wa chini, kisha wanapandisha mbao za pembeni moja baada ya nyingine kwa jicho tu. Boti ikishapata umbo, ndipo wanachonga mbavu na kuzipachika ndani kuikaza. Violezo vya Maximiliana vilitaka kinyume chake, kwamba mbavu zisimame kwanza na mbao zizifuate.

Fundi Ndalahwa alipanga mbao zake kama alivyozoea, kisha akaleta mbavu zilizokatwa kwa kiolezo. Hazikuingia. Akashika tezo akazichonga, kushoto zaidi kuliko kulia, mpaka zikakaa.

“Zilikuwa zinabisha,” alimweleza mwandishi siku walipokutana. “Nikazinyoosha. Kwani mimi nilijua zinatakiwa zitangulie? Nililetewa mbao zimefungwa kamba, hakuna maneno.”

Maximiliana hambishii. “Kosa ni langu. Nilipeleka nguo iliyokatwa bila kumwambia mshonaji aanzie wapi. Nilidhani kila mtu anajua. Nani aliniambia kuwa kila mtu anajua?”

Alimwomba mzee radhi papo hapo, lakini pia akamtolea uvivu, akamwambia kuwa boti ile haikuwa boti yake, kwa kuwa mbavu zilichongwa. Mzee naye akamjibu kwamba yeye hakuzaliwa kusimamishiwa mbavu na mtu asiyejua kuogelea. Wakaachana hivyo.

Aliyewarudisha pamoja ni Scola. Boti yake ya zamani ilivunjwa na dhoruba, na yeye alitaka moja yenye nafasi kubwa ya kubeba magunia bila kuzama pua. Mchoro wa Severine ulimpendeza. Mikono aliyoiamini ilikuwa ya fundi Ndalahwa.

“Niliwakalisha wote wawili nyumbani kwangu nikawapikia sato,” anasema Scola, mwanamke mwenye sauti inayofika mbali. “Nikawaambia, mbao nimeshanunua, haziwezi kunisubiri mpaka mpendane.”

Hapo ndipo mzee alipotoa masharti yake. Atasimamisha mbavu kwanza, mara hii moja. Zikikubali mbao, sawa. Zikikataa, tezo, na mambo ya Bariadi yaishie hapo.

Wiki tatu baada ya asubuhi ile ya ghalani, mwandishi anamkuta Maximiliana ufukweni Nassa. Amefika na gari la kwanza. Violezo vilitangulia siku nyingi, na fundi Ndalahwa ameshavitumia kukata mbavu zote kumi na moja. Zimesimama juu ya mkuku, zimeshikizwa kwa mbao za muda. Wanaume wanane hivi wamejisogeza karibu, wengine wakiwa bado na nyavu mikononi. Scola amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mwangaluka, baba,” Maximiliana anasalimu akipiga goti kidogo.

“Mwangaluka, mayu. Mhola?”

“Mhola duhu.”

Salamu za Kisukuma zikiisha, maongezi nayo yanaishia hapo. Mzee anachukua ufito mrefu na kumpa kijana mmoja ashike ncha ya mbele. Yeye anaanza nyuma, anaupitisha ubavuni mwa boti juu ya mbavu zote, jinsi ubao utakavyopita. Anatembea polepole. Mbavu ya kumi na moja, ya kumi, ya tisa, zote zinagusa. Anaendelea mpaka ya nne, zinagusa.

Kwenye ya tatu kutoka mbele, ufito unavimba. Mbavu ile imetokeza nje, na ubao ukilazimishwa pale utaacha tundu pande zote mbili.

“Eheee,” anasema mtu nyuma. “Cherehani hiyo!”

Watu wanacheka. Fundi Ndalahwa hacheki. Anauweka ufito chini, anainama kwenye mfuko wake, anatoa tezo. Scola anainuka kutoka kwenye ndoo.

“Baba, usichonge,” anasema Maximiliana. “Naomba nipime kwanza.”

“Upime nini? Macho si yanaona?”

“Dakika mbili tu, baba.”

Mzee anasimama na tezo yake begani. Maximiliana anachukua kiolezo namba tatu na kukibandika juu ya mbavu. Vinalingana, hakuna hata pengo la unywele. Umbo halina tatizo. Anapiga magoti mchangani, anatazama mstari uliochorwa kwenye mkuku, anatazama mbavu ilivyousimamia, kisha anakigeuza kiolezo na kutazama mshale aliouchora kwa wino mwekundu.

Anautazama mshale ule mara ya pili.

Kila kiolezo chake kina mshale unaomwonyesha fundi mbavu isimame upande gani wa mstari. Mbavu ina unene wa inchi mbili, na boti inazidi kuwa nyembamba kuelekea ncha zake, kwa hiyo ikisimama upande usio wake lazima itokeze. Mishale yote inapaswa kutazama katikati ya boti. Ya mbele inatazama nyuma na ya nyuma inatazama mbele. Lakini kwenye kitambaa mambo si hayo. Ukikata sare, mishale yote inatazama upande mmoja, la sivyo nguo itapinda ikifuliwa. Kwa miaka kumi na miwili mkono wa Maximiliana umechora mishale inayotazama upande mmoja. Kwenye violezo kumi mkono ulikumbuka kuwa ni boti. Kwenye namba tatu ulisahau.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema wameisimamisha vibaya, na hakuna aliyekuwepo ambaye angembishia.

“Ni mimi,” anasema kwa sauti, ili wote wasikie. “Baba umefuata mshale wangu, na mshale nimeugeuza. Nimechora kama wa sketi. Mbavu ni nzima, ila nimeisimamisha upande usio wake. Isogezwe inchi mbili kuja nyuma.”

Safari hii hakuna anayecheka. Fundi Ndalahwa anatazama mkuku.

“Inchi mbili,” anasema.

“Mbili kamili, baba.”

“Kosa moja haliachi mke,” anasema mzee. “Fungueni hiyo.”

Vijana wanang’oa misumari ya muda, wanaisogeza mbavu upande wa pili wa mstari na kuishikiza upya. Mzee anaupitisha ufito tena, sasa akianzia mbele. Moja, mbili. Kwenye ya tatu anapunguza mwendo. Ufito unaigusa mbavu na kupita, unaendelea mpaka nyuma bila kuvimba popote. Anauondoa, anazunguka upande wa pili wa boti, anarudia. Unapita.

Anairudisha tezo mfukoni.

“Leteni mbao,” anasema.

Scola anapiga kigelegele kimoja kikali mpaka mbwa wa wavuvi wanabweka. Maximiliana ameketi mchangani, amejifunika uso kwa khanga, na mabega yanamtikisika. Anapoulizwa kama analia au anacheka, anajibu kuwa aachwe kwanza, atajua baadaye.

Mpaka saa saba mchana mbao tatu zimekwisha kupigiliwa kila upande, na nyuzi za pamba ya kuziba nafasi zimelowekwa kwenye mafuta zikisubiri. Simu ya Maximiliana imelia mara mbili. Mmoja wa wale watatu walioghairi mwaka jana ameanza kuulizia bei kupitia kwa Scola.

Mpango wake anausema bila kigugumizi. Anataka kiwanja Ngulyati, banda la bati lenye sakafu ya mita kumi na tano, asihamishwe tena na pamba kila mwaka. Ameshaweka akiba ya tofali mia nne. Na tangu leo, anasema, mishale yote ataichora siku moja, kwa mkupuo, wala hatagusa nguo siku hiyo.

Anajiandaa kuondoka fundi Ndalahwa anapomwita kando. Anampeleka kwenye boti kuukuu iliyopumzishwa juu ya magogo, rangi imebambuka, mbao zimekuwa nyeusi.

“Hii niliiunda mwaka tisini na nane,” anasema mzee. “Haijawahi kutokea nyingine kama hii hapa. Inabeba, inakimbia, haimwagi mtu. Watu wamekuja kutoka mpaka Ukerewe, wananiambia tuundie ya namna hii. Nimejaribu kuirudia mara tatu. Mara tatu, mayu. Inatoka nzuri, lakini si hii.”

Anaupapasa ubavu wa boti kwa kiganja.

“Sasa jicho la kushoto limeanza ukungu. Hii nikiiacha ioze, imekwenda, hata mimi mwenyewe siijui niliifanyaje. Wewe una hiyo sakafu yako. Unaweza kuichukua hii ukaiweka kule, iwe namba?”

Maximiliana anaizunguka boti ile yote, anachungulia ndani, anahesabu mbavu kwa kidole. Kisha anafungua mkoba, anatoa tepu, anavuta ncha yake na kumkabidhi mzee.

“Shika hapo, baba,” anasema. “Usilegeze.”

Fundi Ndalahwa anaishika kwa mikono miwili.